Maji ya Moto Uani kwa Mama

Watu wakisikia kwamba siku hizi nafunga mitambo ya maji ya moto majumbani, hunicheka kwanza. Kigoma hii? Jua hili? Nani kakwambia watu wa hapa wanataka maji ya moto? Huwa siwajibu, kwa sababu wanaocheka ndio hao hao ambao mwezi wa saba, upepo wa ziwa ukivuma asubuhi, hujimwagia kata mbili za maji na kutoka bafuni wakidai wameoga. Mimi ni fundi umeme, mwanamke, naishi Gungu, na kuchekwa nimeshazoea. Nilichekwa chuoni, nikachekwa nilipopanda ngazi kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa suruali, na mpaka leo kuna wazee wakinifungulia geti huchungulia nyuma yangu kumtafuta fundi mwenyewe.

Mtambo wenyewe si wa kutisha. Juu ya paa linakaa tangi pamoja na mirija ya kupokea jua. Ndani ya tangi kuna koili ya umeme ya kusaidia siku za mawingu, kama ile ya birika ila kubwa zaidi. Kati ya koili na umeme kuna themostati, kifaa kidogo kinachopima joto la maji na kukata umeme yakishafika pale unapotaka. Nje ya bafu, ukutani, kuna swichi na taa. Basi. Wateja hulisifu tangi kwa sababu ndilo linaloonekana, lakini kazi iko kwenye nyaya. Tangi zuri lenye nyaya za hovyo linaweza kuua mtu bafuni, na nimeshakuta kazi za mafundi wenzangu zilizonifanya nitukane peke yangu juu ya paa la mtu.

Nimefunga mitambo hiyo kwa wastaafu, kwenye nyumba za wageni, na kwa familia moja ya wauza dagaa Kibirizi ambao walichoka kulala na harufu ya mizigo yao. Lakini uliokaribia kunitoa roho ni wa mama yangu, Ujiji.

Mama ni mkandaji. Mwanamke akishajifungua, kwetu hukandwa: asubuhi na jioni huogeshwa maji ya moto, na taulo lililochovywa humo hukamuliwa na kubanwa mgongoni, kiunoni na mapajani, mpaka mwili uliopasuka kwa uchungu uanze kukumbuka ulivyokuwa. Zamani alikuwa akikanda na tumbo kwa nguvu. Manesi walipomwambia aache, alinuna kwa muda, kisha akaacha. Wakandaji wako wengi mjini, ila mama ana wateja wake maalumu, nao ni wale wasio na mama karibu. Mji huu umejaa wanawake ambao mama zao wako ng'ambo ya ziwa, Kongo, au wamerudi Burundi, au wako kwenye kambi za wakimbizi na hawawezi kutoka watakavyo. Mwanamke wa namna hiyo akijifungua, mama humchukua, humweka kwenye chumba cha uani, na kumtunza mpaka arobaini iishe. Mama mwenyewe alivuka ziwa akiwa msichana. Sijawahi kumsikia akieleza kwa nini anafanya kazi hii. Ukimuuliza anakwambia ukaangalie uji usimwagike.

Maji yote hayo yalichemshwa kwa mkaa jikoni na kubebwa mpaka bafuni, upande wa pili wa ua. Mvua zilipoanza mwaka jana, mama aliteleza akiwa ameshika sufuria kubwa. Maji yalimmwagikia mguu wa kulia, kuanzia kifundoni hadi vidoleni. Nilipofika hospitali nilimkuta ameketi kitandani, amenyoosha mguu uliofungwa bendeji, anamweleza nesi namna ya kumshika mtoto mchanga shingo. Nililia, yeye akaniambia ninampotezea nesi muda.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, ana duka la mbegu na mbolea Mwandiga. Alikuja siku hiyo hiyo na hukumu yake mkononi. Alisema imetosha. Mama akipona anahamia kwake Mwandiga, apumzike, ale, alale. Kazi ya kubeba masufuria ya maji yanayochemka si ya mtu wa umri wake, na yeye kama mtoto wa kiume hawezi kukaa akingoja aje aitwe kwenye msiba. Nilitaka kumpinga, lakini alichosema kilikuwa kweli. Hakuna kinachoniudhi kama kaka yangu akisema kweli.

Kaka alipoondoka ndipo mama aliponigeukia.

"Mama," aliniambia, kwani ndivyo anavyoniita mimi bintiye, "kule atanikalisha sebuleni kama kiti cha wageni. Nitakufa, na hakuna atakayejua nimekufa siku gani."

Hakusema kwa kulia. Aliyasema hayo akipanga upya khanga zake. Nilirudi Gungu, na kabla sijashuka kwenye bodaboda nilikuwa nimeshajua la kufanya. Kama kosa ni kubeba maji, basi maji yasibebwe. Yatoke bombani, humo humo bafuni, na mama asimame mahali pakavu afungulie tu.

Kaka alikataa kwanza. Kisha mkewe, wifi yangu, akaingilia. Alikuwa na mimba kubwa ya mtoto wao wa kwanza. Wazazi wake walikuwa wamesharudi Burundi miaka mingi iliyopita, na alikuwa amemwambia kaka waziwazi kwamba mkandaji wake ni mama mkwe na si mwingine. Kaka akabanwa. Mwishowe akatoa sharti. Wifi angejifungua na kuletwa Ujiji, na mtambo wangu ungefanya kazi. Kama arobaini ingeisha bila mama kubeba hata kopo la maji ya moto, angebaki nyumbani kwake na kazi yake. Kukitokea shida yoyote, anahamia Mwandiga na chumba cha uani kinafungwa. Nilikubali haraka haraka. Kwa fundi umeme anayejiamini, lile lilikuwa jambo la asubuhi moja.

Nilifunga mtambo ule kwa uangalifu ambao sijawahi kumfungia mteja yeyote, na wateja wangu wanisamehe. Waya wa ardhi niliufunga mara mbili. Themostati niliiweka mahali ambapo maji hayawezi kumuunguza mtu hata akikosea kuchanganya. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu wenye bendeji juu ya kigoda kingine, anatoa amri. Alipoyaonja maji ya kwanza kwa mkono aliguna.

"Maji yako yana adabu mno," alisema.

Tulivutana hapo. Yeye alitaka maji yanayomfanya mzazi aruke, mimi nikamwambia enzi za kuruka zimekwisha. Nilipandisha themostati kidogo sana, kwa heshima, yeye akanung'unika kidogo, kwa heshima pia, tukaendelea.

Tulivutana tena kwenye taa. Ile iliyokuja na swichi ilikuwa nyekundu, na mama alipoiona alikunja uso. Kwetu radi si jambo la kusoma vitabuni. Mvua za Kigoma zinapiga mpaka sahani zinatetemeka kabatini, na kila mtu ana mtu wake aliyepigwa. Wingu likikusanyika juu ya ziwa, nguo nyekundu huanuliwa kamba nzima, vioo hufunikwa, na umeme wa nyumba huzimwa. Mama anaamini kwamba rangi nyekundu inaita radi. Nikamweleza kuhusu chaji na mawingu kama nilivyofundishwa, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mbona na mimi nikiwa kwangu nafunika kioo cha kabati. Alishawahi kuniona. Niliendelea kukaza skrubu.

Maelezo niliyompa yalikuwa mafupi. Taa ikiwaka, maji bado yanapata moto. Taa ikizimika, yameiva. Mama aliyarudia maneno hayo kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na kwa siku kadhaa tukafanya majaribio. Ikiwaka, anangoja. Ikizimika, anafungulia, maji yanatoka moto, anacheka. Nilijisifu sana kwa wifi.

Wifi alijifungua salama mtoto wa kike. Walipomleta Ujiji, nilidhani tutamkuta na furaha yake ya kawaida, maana ni mtu wa utani, lakini mtu aliyeshuka kwenye gari hakuwa yeye. Hakusema. Alinyonyesha akiwa amegeuzia uso ukutani, na mtoto akishashiba alimsukuma taratibu pembeni kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kaka alikuwa akizunguka uani huku ameshika simu ambayo hakuwa akimpigia mtu. Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia. Mama alisema tu kwamba kesho asubuhi ataanza kumkanda.

Siku ile ilikuwa ya mawingu, na usiku mvua ikanyesha kwa radi mpaka kule kwangu Gungu nikafunika kioo. Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda kushuhudia ushindi wangu. Nilipoingia uani nilimkuta kaka amesimama katikati ya tope, mikono kiunoni.

Aliniambia kilichotokea kwa sauti ya chini, na ingekuwa afadhali angefoka. Mama alikuwa amemwingiza wifi bafuni, akamvua khanga, akafungulia bomba. Wifi hata kuvuliwa khanga mbele ya mkwe wake alikuwa ameona haya, akakubali kwa sababu hakuwa na nguvu za kukataa. Na maji yaliyompata mgongoni yalikuwa baridi kama ya mtoni. Alitoka akitetemeka, akarudi kitandani, akageukia ukuta, na sasa alikuwa hataki hata kumnyonyesha mtoto.

"Arobaini ikiisha mama anahama," kaka alisema. "Sitaki kusikia mengine."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia akapime mbolea yake na aniachie mimi mtambo wangu, na nikaenda kwenye swichi nikiwa na testa ya kupimia umeme mkononi. Hakukuwa na umeme. Nilipumua kwa nafuu, kwa sababu umeme kukatika Kigoma si kosa la fundi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kaka hivyo, nikasikia mashine ya kusaga ya jirani inaunguruma. Mashine ile ni ya umeme.

Nilikwenda mbele ya nyumba kwenye meni swichi, ile ya kuzima umeme wa nyumba nzima. Ilikuwa imeshushwa chini.

Mama alikuwa amenifuata, anatembea kwa kuuonea huruma mguu wake. Nilimuuliza kama ni yeye aliyeizima. Akasema ndiyo, usiku, radi ilikuwa inapiga na ile nyekundu yako ilikuwa inawaka pale ukutani inaita. Nikamuuliza kwa nini asubuhi hakuiwasha kabla ya kumwogesha mgonjwa. Nilitumia sauti ambayo sitaki mwanangu aje anitumie.

"Niliangalia taa," alisema. "Ilikuwa imezimika. Wewe ulisema ikizimika yameiva."

Alikuwa ameyafuata maneno yangu kama yalivyo. Taa yangu ilizimika maji yakiwa tayari, na ilizimika umeme usipokuwepo, na mtu aliyesimama mbele yake hakuwa na njia ya kutofautisha. Katika nyumba ambayo umeme huzimwa kila mvua ya radi, ile haikuwa taa ya kumwachia mtu.

Niliipandisha meni swichi, lakini maji ya moto yalikuwa yameishia kwa waliooga jana jioni, tangi lilikuwa limejaa maji baridi na mawingu yalikuwa hayajaondoka. Kungoja yapate moto kungechukua muda mrefu, na wifi alikuwa amejikunja kitandani. Mama aliingia jikoni, akawasha mkaa, akaweka sufuria. Sote watatu tulikaa tukiitazama ile sufuria ikianza kutoa mvuke, na sote tulijua kwamba akiishika tu, sharti limevunjika.

Ilipochemka, mama aliinama aichukue. Kaka akamtangulia. Alishika sufuria kwa vitambaa viwili, akaivusha ua, kwenye lile tope, polepole, mabega juu, anapulizia mvuke usimchome machoni. Alirudi kuchukua ya pili. Alikuwa akitokwa jasho kama mpakizi wa mizigo wa Kibirizi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sikuwa na hamu ya kumtania.

Mama akaenda kumtoa wifi. Sijui alimwambia nini, ila alikubali kuinuka. Bafu letu lina ukuta wa tofali usiofika bati, kwa hiyo aliye uani husikia kila kitu. Kaka alibaki pale nje na beseni tupu mikononi. Tulisikia maji yakimwagwa, taulo likikamuliwa, na sauti ya mama. Mama alizaliwa Kongo, na anaongea Kirundi alichojifunza kwa wagonjwa wake, chenye makosa mengi, na alikuwa akirudia neno moja tu, lile ambalo Warundi humwambia mtoto anayelia.

"Hora. Hora, mwanangu. Hora."

Wifi alianza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyekizuia kwa muda, na kaka akapiga hatua kuelekea mlangoni. Nikamshika mkono. Kilio kiliendelea, kikashuka, kikageuka maneno. Aliongea Kirundi haraka haraka, mimi sikuelewa, ila nilisikia akimtaja mama yake mara nyingi, na mama yangu akiitikia kila mara, kwa utulivu, taulo likiendelea kukamuliwa. Kisha wifi akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya zamani, kwa nini mtoto ameachwa chumbani peke yake.

Kaka alidondosha beseni na kukimbia kumleta. Alimpitisha mlangoni huku ameangalia pembeni kwa adabu, mikono imenyooshwa mbele. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, na akasingizia moshi wa mkaa. Mkaa ulikuwa umeshazimika.

"Tengeneza hiyo taa," aliniambia.

Niliitengeneza siku ile ile. Themostati niliyoifunga ina vituo vitatu vya nyaya. Umeme unaingia kwenye kimoja. Maji yakiwa baridi, unatokea cha pili na kwenda kwenye koili. Maji yakifika joto lake, unaiacha koili na kuhamia cha tatu. Hicho cha tatu nilikuwa nimekiacha kitupu, kama mafundi wengi wanavyofanya, kwa sababu mtambo unafanya kazi bila hicho. Niliing'oa ile taa nyekundu, nikamrushia mama mkononi aitupe mwenyewe. Nikanunua ya kijani, nikaifunga kwenye kituo cha tatu. Sasa taa haiwaki ila umeme uwepo na maji yawe ya moto. Ikiwaka, mzazi aingie. Isipowaka, kwa sababu yoyote ile, mama anangoja au anakwenda kuangalia meni swichi. Koili nayo niliiwekea breka, swichi yake ya kukatia umeme, kwenye boksi jipya karibu na mlango wa mama, ili radi ikija azime bila kutoka nje kwenye mvua.

Mama hakuniamini kwa maneno. Alitaka ajaribu. Alimsimamisha kaka kwenye meni swichi awe radi, na kila alipopiga makofi kaka alizima umeme, mama akaitazama taa, akatikisa kichwa, akapiga makofi tena, kaka akawasha. Walirudia hivyo mpaka wifi akatoka mlangoni na mtoto begani kuuliza kama watu wa nyumba hii wamepata wazimu. Kaka alicheka mpaka akashika ukuta. Kuhusu zile sufuria mbili alizobeba yeye, alisema baadaye kwamba sharti lilimhusu mama, na mama hakubeba kitu. Sijawahi kumpenda kaka yangu kama siku hiyo.

Arobaini ilipita. Mvua zilinyesha, mama alizima na kuwasha, taa ya kijani ikafanya kazi yake. Wifi alikandwa asubuhi na jioni, akaanza kula, akaanza kututania, akampa mtoto jina la utani ambalo kaka hakulipenda. Walirudi Mwandiga. Kaka hakutamka tena neno kuhama, lakini pia hakusema kwamba amelifuta, na mimi niliogopa kumkumbusha. Alichofanya ni kuanza kuja. Akiwa na mzigo wa kupokea mjini, anapitia Ujiji. Akichelewa, analala chumba cha uani. Nguo zake zikaanza kubaki kwenye msumari. Mama akaninong'oneza kwamba mwanaume yule haji kumtazama yeye, anakuja kuoga maji ya moto, na akiingia bafuni hatoki. Nilicheka, lakini moyoni nikawa na wasiwasi. Chumba kilichozoea mtu mwingine kinaweza kusahau kazi yake, na tangu wifi aondoke hakuna mzazi aliyekuja.

Juzi nilikuwa juu ya paa la mteja mmoja Gungu, simu ikaita. Alikuwa mama. Hakuuliza hali. Alisema kuna msichana amejifungua, anaishi na mumewe Kibirizi, mama yake yuko ng'ambo, na msichana anatoka hospitali mchana huo.

"Mwambie kaka yako aje atoe nguo zake," alisema.

Nilimuuliza kwa nini asimwambie yeye mwenyewe.

"Mwambie wewe. Mimi natandika kitanda."